Nyumba ya Mama Jukwaani

Miaka ile ya tisini nilikuwa nikitengeneza mandhari ya jukwaa kwa kikundi cha maigizo cha Suna, hapo Migori. Waigizaji waliamini wao ndio mchezo. Mimi nilijua mwigizaji anaweza kusahau maneno, lakini ukuta wangu hausahau kitu. Nilikuwa na kamera kuukuu, na filamu zangu niliziteketeza kwa vitu ambavyo mtu mwenye akili timamu hapigi picha: kutu ya mabati, nyavu zilizokauka ufukweni Takawiri, rangi inayobambuka mlangoni. Picha zikishaoshwa, nilichukua wembe nikakata kila kisichohitajika. Mara nyingi kisichohitajika kilikuwa watu.

Mwelekezi wetu, ambaye kila mtu alimwita mwalimu, alipotaka nyumba ya udongo kwa mchezo mpya, nilikwenda moja kwa moja kwa mama, kijijini Lambwe. Ukuta wa nyumba yake ulikuwa na ufa wa kupendeza mno, ulioanzia kwenye dirisha la buluu ukateremka mpaka chini. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilitafuta ufa ndipo nijenge ukuta.

Mama alipoona kamera aliingia ndani, akatoka amevaa gauni la kanisani, akasimama mbele ya ufa wangu.

"Mama, sogea kidogo."

Akasogea.

"Kidogo tena."

Alisogea hadi likabaki bega. Picha ilipooshwa, bega nalo likaenda na wembe.

Nilimweleza kwamba ukuta wake utaonekana jukwaani Homa Bay. Kwetu mwenye kukandika nyumba ni mwanamke, na ufa ukutani unamsema yeye: ama ni mvivu, ama hayupo tena duniani. "Nyathina, mwanangu," akaniambia, "nilizaa msichana azibe ufa au autangaze?"

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha.

Siku ya maonyesho alikuja kwenye ukumbi wa shule huko Homa Bay na akina mama wenzake wa kanisa. Pazia likafunguliwa, nyumba yangu ya magunia na rangi ikapigiwa makofi. Nilivimba kichwa. Ndipo mama mmoja akasema kwa sauti ya kufika mpaka jikoni, "Lakini hilo dirisha si ni ya kwako?" Wote wakamgeukia mama yangu. Akainamisha kichwa, akaanza kunyoosha gauni ambalo halikuwa na kunyanzi. Niliona haya, na niliendelea kuona haya hadi pazia likafungwa.

Kulikuwa na onyesho jingine alasiri. Nilitoka kwenda kula samaki, na niliporudi, harufu ilinipokea mlangoni. Ng'ombe wa Homa Bay huzurura popote, na akina mama wale walikuwa wameokota walichohitaji. Beseni la udongo na mavi ya ng'ombe lilikuwa jukwaani. Ufa haukuwepo. Mama, mikono ya gauni imekunjwa, alikuwa akimalizia mapambo ya mawimbi kwa vidole.

Mwelekezi alishika kichwa. "Mama, hii ni nyumba ya maskini!"

"Sasa mwalimu, kwani maskini hana mkono?"

Muda wa kubandua udongo haukuwepo. Katika onyesho la alasiri, mhusika mkuu alitakiwa auegemee ukuta amlilie baba yake aliyefariki. Akaegemea. Akalia vizuri sana. Alipogeuka kuondoka, alikuwa amebeba sehemu nzuri ya nyumba mgongoni, na mchezo wa huzuni ukaisha kwa wanafunzi waliojaa ukumbini kulaliana mabegani kwa kicheko.

Kabla ya kufungasha, mama aliniita. Nilikuwa na hasira ya kumeza wembe. Alikuwa amesimama kando ya ukuta, gauni limechafuka, kitambaa cha kichwa kimekaa upande.

"Ngoja," akasema, akaziba kwanza alama ya mgongo wa yule mwigizaji kwa kiganja. "Haya, piga."

Filamu ilikuwa na picha moja tu iliyosalia. Sikumwambia asogee. Wembe haukuigusa.

Picha hiyo ingali ukutani kwake Lambwe, juu ya redio. Mgeni akiuliza ilipigwa wapi, mama hujibu bila kugeuka:

"Hiyo ni nyumba yangu ya Homa Bay."