Choo Ambacho Sikuweza Kuingia

Wazazi na walimu wenzangu, mmeniomba nieleze jinsi nilivyopona. Nitaeleza, lakini nitataja choo, damu na kinyesi, tena si mara moja. Mwenye kichefuchefu na asogee dirishani.

Mimi ni Nafula, Msamia wa upande wa Kenya. Niliolewa huku Uganda, hapa Nabuyoga, nikiwa na cheti cha ualimu na mwili usiojua dawa. Nilikuwa mnene pia, mnaonikumbuka msicheke. Mume wangu Okoth alifanya kazi kiwanda cha saruji kule Tororo, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Mimi nilifundisha darasa la pili hapa, na mkuu wa shule alikuwa baba mkwe wangu, Mwalimu Owor. Tuliongea naye Kiswahili, na chenyewe kidogo, maana mkwe na mke wa mwana hawapigi soga. Hatukushikana mikono. Akiniita ofisini, nilisimama mlangoni nikitazama chini.

Shida ilianza hivi. Mvua za mwaka ule zilibomoa choo cha wanafunzi, kikabaki kimoja tu, cha walimu. Walimu wote walikuwa wanaume isipokuwa mimi, na baba mkwe alikitumia. Mke wa mwana haingii choo cha baba mkwe. Ni mwiko kwenu, na ni mwiko kwetu Samia. Hakuna aliyenikataza, na hakuna aliyeniuliza, "Nafula, wewe unakwenda wapi?" Pamba ilikuwa imeshang'olewa, mashamba yako wazi. Kichaka cha maana kilikuwa kimoja, juu ya chemchemi ya shule. Nikawa nakwenda huko.

Wasichana wangu waliona. Mmoja wao alikuwa Athieno, mtoto wa miaka minane mwenye pengo la meno mawili, aliyeiga hata ninavyoshika chaki. Walinifuata kichakani wakidhani ndiyo desturi. Niliona nyayo zao, na mengine, kando ya zangu. Mvua iliyateremsha yote bondeni. Darasani nilikuwa nimeandika ubaoni, "Osha mikono kabla ya kula," na maji ya kunawa yalitoka chemchemi ile ile. Ya kunywa pia. Mtungi mmoja, kikombe kimoja cha bati, darasa zima.

Nilijua, sitawadanganya. Chuoni tulifundishwa habari za maji na kinyesi, nikafaulu mtihani. Lakini ningemwambiaje baba mkwe? Nikajiambia mvua zikiisha mambo yatatengemaa. Kuni zilikuwa mbichi, kuchemsha maji ni kazi, basi na mimi nikanywa.

Jumatatu Athieno hakuja shule. Alhamisi tulimzika. Mama yake alisema aliharisha damu mpaka macho yakaingia ndani. Nilisimama kaburini na darasa langu, watoto wakaimba. Ningeweza kusema siku ile. Nilinyamaza.

Siku ya tatu baada ya mazishi, tumbo langu likaanza. Kwanza lilisokota chini ya kitovu, kama mtu anayekamua nguo. Nikaharisha maji, kisha makamasi, kisha damu. Nilikwenda nyuma ya migomba, kwa sababu hata nyumbani choo kilikuwa cha mzee. Nilikwenda nikitembea, halafu nikitambaa, mwisho sikutoka kitandani. Kilichotoka ni kijiko kimoja tu, lakini mwili mzima ulisukuma kama wa mama anayejifungua. Ngozi ya mkono ukiifinya ilibaki imesimama. Mama mkwe alinipa maji ya mizizi na uji wa wimbi, vyote nikatapika. Alinifulia, alinigeuza, hakukunja uso hata mara moja. Mungu amlaze pema mama yule.

Siku ya nne niliwasikia yeye na baba mkwe nje, wakisemezana kwa lugha yao, ambayo nilikwisha kuielewa.

"Baba Okoth, mtoto wa watu anakufa."

"Tumngoje Okoth."

"Okoth yuko Tororo. Ukimngoja, tutarudisha maiti Samia."

"Nani atamshika? Mimi ni mkwe wake."

"Basi ngoja," mama mkwe alisema. "Kaburi litamshika."

Kisha akaingia mlangoni mwanamume ambaye hakuwahi kukanyaga nyumba yangu. Alininyanyua, akaniketisha kwenye keria ya baiskeli, mama mkwe akanifunga kwa leso kwenye kiti. Njia ilikuwa tope tupu, hakuweza kupanda. Alisukuma kutwa nzima, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine ukinishika nisianguke.

Tumbo halikumheshimu. Damu na uchafu vilishuka kwenye keria, vikashuka kwenye mkono wake. Nililia, lakini machozi hayakutoka, mwili ulikuwa hauna maji.

"Baba, niache hapa," nikamwambia.

"Nyamaza, mwanangu. Leo hakuna mkwe hapa. Iko mgonjwa na mtu ya kusukuma baiskeli."

Hakuwahi kuniita mwanangu.

Hospitalini Tororo walinitundikia chupa ya maji ya chumvi. Mshipa ulitafutwa mikono yote miwili, ukapatikana mguuni. Daktari akamgeukia baba mkwe.

"Mzee, shuleni kwenu kuna wengine?"

"Mmoja tulizika."

"Watoto wanajisaidia wapi?"

"Choo yao ilianguka. Lakini ya walimu iko."

Daktari akanitazama. "Na wewe, Mwalimu, unatumia hicho?"

Niligeukia ukuta. Niliiona ndoa yangu ikiisha pale kitandani. Halafu nikawaona wasichana wangu wakishuka asubuhi na mitungi yao.

"Hapana," nikasema. "Nakwenda kichakani, juu ya chemchemi. Siwezi kuingia choo ya baba. Watoto walinifuata."

Baba mkwe alichukua kofia yake akatoka.

Nililala pale wiki mbili, nikimeza vidonge vikubwa vyeupe. Nywele zilinyonyoka, kikombe nilikishika kwa mikono miwili. Okoth alikuja kila jioni baada ya kazi, akafua nguo zangu bila kunieleza chochote cha nyumbani. Nikadhani baba yake ameamua niachwe.

Siku aliyonirudisha, tulipita hapa shuleni. Chemchemi ilikuwa imezungushiwa miiba. Upande wa chini, mbali na maji, kulikuwa na shimo, na ndani yake baba mkwe, udongo umemfika kifuani, akichimba. Alikuwa amewaambia wazazi, "Mkuu wa shule ni mimi. Sikuuliza mke wa mwanangu anakwenda wapi." Choo kile cha wanawake na wasichana mnakiona hadi leo, na pipa la maji yaliyochemshwa liko mlangoni mwa kila darasa.

Namshukuru Mungu, namshukuru mzee yule na mkono wake. Ushauri wangu ni huu. Chemsheni maji, hata kuni zikiwa mbichi. Na muulizeni mwalimu wa kike, muulizeni binti yenu, "Unakwenda wapi?" Ulizeni kwa sauti. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha, kifo kikamchukua mtoto wa mwenzangu.

Mama Athieno ameketi pale nyuma. Nilipoweza kutembea, nilikwenda kwake nikamwambia yote. Alikuwa anapepeta wimbi. Hakusimama, hakunitukana, na ungo haukutulia.

"Najua, Mwalimu," alisema. "Athieno aliniambia mwenyewe. Alirudi na furaha sana. Alisema, mama, mimi nakwenda choo moja na Mwalimu."