Kikata Kucha cha Kamba

Sisi watu wa Ujiji hatunyimani kitu. Kwa kinyozi wangu, kikata kucha kimoja kimefungwa kamba kwenye kioo, na kila Alhamisi tunaojiandaa na Ijumaa tunakaa benchini tukipokezana.

Juzi mzee mmoja alimaliza kucha za miguu, akakifuta kwenye kanzu, akampa jirani yake, mkimbizi aliyevuka ziwa mwaka huu. Mgeni akashukuru, akatoa cha kwake mfukoni.

“Unatuona wachafu?”

“Hapana, mzee. Nilikimbia na mswaki na hiki tu. Hivi viwili watu hawaazimani.”

“Mswaki sawa. Na hiki?”

Mgeni akainama, akamwonyesha mzee kidole gumba cha mguu wa mzee mwenyewe: kucha nene, ya njano, inamomonyoka. “Hizi ni fangasi, zinahama na chuma. Wahi zahanati, mzee. Dawa yake ni ya miezi, mpaka kucha mpya iote.”

“Miaka yote hii mbona hapa hajaugua mtu?” kinyozi akadakia.

Mzee alianza kukagua vidole vyetu, mmoja baada ya mwingine, na benchi zima tukavuta miguu uvunguni. Yangu ndiyo iliyotangulia.