Ng'ombe wa Mkono Wangu

Admin, nifichie jina tafadhali, maana hata mama mkwe wangu ana mjukuu wa kumsomea ukurasa huu. Nina miaka thelathini na mitatu, mama wa watoto watatu. Nimeolewa Bungoma ila tunaishi Kitale kwa sababu ya kazi. Zamani ungeniulizia ungeambiwa mimi ni msusi. Siku hizi wananiita "yule mama wa mkono," na mkono wenyewe sina. Ulikatwa juu ya kiwiko, wa kulia.

Karibu miaka mitatu iliyopita tulikuwa tukipukuchua mahindi kwa mjomba wa mume wangu, mzee wa kanisa mwenye trekta na mashine. Mume wangu ndiye huendesha hiyo mashine, mimi nilikuwa wa kuilisha mahindi. Msimu ule mvua haikutupa nafasi ya kuanika, mahindi yakawa na unyevu na mashine inakwama kila mara. Mjomba akachoka kungoja. Akamwambia mume wangu aondoe kile kifuniko cha bati kinachofunika mkanda, ati wakikwamua wasipoteze muda. Akakiondoa. Nilisema, "Huo mkanda ukizunguka wazi hivyo utashika mtu." Mjomba akacheka. "Mama, wewe lisha mashine." Ile baridi ya asubuhi ya Kitale mnaijua, nilikuwa nimevaa sweta. Mkanda ulianza na sweta. Yaliyofuata siyaandiki, maana wengine wenu mnasoma mkila.

Nikiwa bado hospitalini, hata kugeuka kitandani siwezi, mjomba alienda nyumbani kwa wakwe zangu Bungoma na ng'ombe wa kufuta machozi. Wazee wakakaa, kuku akachinjwa, wakala pamoja. Kwetu mkishakula kuku pamoja, maneno yameisha, na atakayeyafufua ndiye mbaya. Mume wangu alikula. Mimi mwenye mkono hakuna aliyeniuliza kama nimekubali. Jumapili kanisani likatolewa tangazo niombewe, ati nilikuwa naongea na simu nikazembea. Simu yangu siku hiyo ilikuwa kwa kinyozi ikichajiwa! Mume wangu anajua vizuri, yeye ndiye aliyeipeleka. Alikaa pale kwa benchi akasema amina.

Nilirudi nyumbani nikaanza kuishi kama mtoto mchanga. Binti yangu ndiye hunifunga sidiria kabla ya kwenda shule. Kusuka kuliisha siku ile ile. Ugali nimejaribu nikiwa nimekaa chini, sufuria nimeibana kwa miguu, mpaka siku moja ikapinduka ikanichoma paja. Mama mkwe alipokuja kuniona nilimpelekea chai. Akaiangalia tu. "Mimi sipokei kitu na mkono ya kushoto. Weka hapo chini." Niliweka. Kisha nikaenda jikoni nikalia, na machozi nikayafuta na mkono huo huo wa kushoto.

Juzi mawakili walikuja mjini Kitale kusikiliza watu bila malipo. Nilienda bila kuaga. Wakili mmoja, msichana mdogo tu, alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Mama, huyo ng'ombe ulimpokea wewe?" Nikasema hapana. Akaniambia kuku na ng'ombe ni mambo ya wazee, hayafungi mlango wa korti. Naweza kudai fidia, nitibiwe vizuri, hata niwekewe mkono wa bandia. Ila kesi ina muda wake wa kufunguliwa, na wangu unakaribia kuisha. Tena anahitaji mtu aliyeona kifuniko kikiondolewa. "Nani alikuwa hapo?" Aliyekuwepo ndiye ninayelala naye.

Nilipofika nyumbani nilimweleza mume wangu kila kitu.

"Hiyo maneno tulimaliza," akasema. "Ati unataka kushtaki mjomba? Mjomba akilaani hawa watoto, nani atawatoa kwa hiyo laana?"

Nikamwambia basi mjomba arudishiwe ng'ombe wake, nami nibaki na kesi yangu. Akaanza kutafuta kofia yake atoke. Hapo ndipo nilipomshuku.

"Huyo ng'ombe ako wapi?"

"Ako Kimilili."

"Kimilili kwa nani?"

Akaangalia viatu vyake. "Si unajiona vile uko? Mimi nahitaji mtu wa kunisongea ugali, bana."

Ndugu zangu, ng'ombe wa mkono wangu ametolewa mahari ya mke wa pili.

Msichana analetwa Jumamosi. Mjomba ndiye atakayeomba na kubariki. Mama mkwe amenitumia ujumbe nikae mbele na wanawake wa nyumbani, nimpokee mwenzangu kwa furaha, nisionekane nina wivu. Wivu! Wakili naye ananingoja Jumatatu. Nikiendelea na kesi, mume wangu ataapishwa, achague kusema ukweli au kudanganya akiwa ameshika Biblia, na vyovyote vile nyumba hiyo sirudi. Sijui kama wataniachia watoto. Nikinyamaza, muda utapita, nami nitazeeka nikiitwa mzembe, nikipakuliwa ugali na mwanamke aliyeolewa kwa mkono wangu.

Nimeuliza Mungu, sasa nawauliza nyinyi: nifanye nini? Wenye hekima nishaurini, hata wenye maneno makali nitawasoma. Lakini wewe ambaye tayari unaniandikia "samehe tu dada," ngoja kwanza. Funga mkono wako wa kulia kwa leso. Songa ugali wa watu watano, upakue, uoshe na sufuria. Ukimaliza, ndipo uniandikie.