Ng'ombe Aliyelishwa Mbolea

Katika kiangazi cha mwaka wa pili wa vita, mashudu ya kulishia ng'ombe yaliyokuwa yakivushwa mpakani kutoka kaskazini hayakufika tena Kigali, na nyasi za bondeni zilikauka hata mbuzi wakazipita. Nilikuwa na ng'ombe mmoja uani kwetu, Nyakabanda, mwana wa ng'ombe wa mahari yangu, ambaye kwa desturi baba humrudishia binti aliyeolewa. Mbavu zake zilianza kuhesabika, na alikuwa ananyonyesha.

Nilikuwa nimesomea ufugaji chuoni. Nilijua kwamba urea, zile chembe nyeupe tunazoyawekea mahindi, ikiyeyushwa kwa kipimo na kunyunyiziwa mabua ya mpunga, kisha mabua yakafunikwa shimoni hadi yalainike, hugeuka kuwa lishe. Ng'ombe mwenyewe hana la kufanya na urea. Vijidudu vya tumboni mwake ndivyo huila na kuigeuza protini, naye akavimeng'enya. Kipimo kikizidi, anakufa. Ndama, ambaye tumbo lake halijakomaa, hapewi kabisa. Watu huniuliza siku hizi kama sikumwogopa mama mkwe wangu. Niliogopa kipimo tu.

Siku nilipofunua shimo nililofukia mabua yangu, mama mkwe alikuwa ametutembelea kutoka kijijini. Harufu kali ilimfuata barazani ikamtoa machozi.

"Unampa nini ng'ombe wa mwanangu?"

"Ni ng'ombe niliyepewa na baba yangu, Mama. Nampa mabua yaliyolainishwa kwa urea."

"Mbolea ile ya mahindi?" Alimgeukia mume wangu. "Mkeo anamtilia ng'ombe mbolea. Kesho atampanda maharagwe mgongoni."

"Mama, urea imo hata katika mkojo wake."

"Kumbe ni mkojo. Nimesafiri kutwa nzima nije kunyweshwa mkojo."

"Na vibuyu vya maziwa, ulipoolewa, mliviosha kwa kitu gani?"

Mume wangu alikohoa akaangalia ukutani. Kizazi kizima cha mama yake kilisafisha vyombo vya maziwa kwa amaganga, mkojo wa ng'ombe uliokingwa alfajiri, na hakuna aliyeona kinyaa.

Lakini mama mkwe hakuwa mtu wa kunyamazishwa kwa hoja moja. Jioni alimwamuru mwanawe asiguse chuchu za ng'ombe yule hadi auzwe kwa mchinjaji wa Kimisagara. Alijua anapiga wapi. Kwetu mwanamke hakami. Inasemwa kwamba akikama, ng'ombe atakauka. Kama mume wangu asingekama, na ndama peke yake asingeweza kuyamaliza maziwa, kiwele kingevimba na kuugua, nami ningempeleka ng'ombe wangu machinjioni kwa mikono yangu.

"Mama amesema nisikame," mume wangu aliniambia asubuhi, amekwisha kuvaa koti la kwenda ofisini Kimihurura.

"Nimesikia."

"Sasa?"

"Sasa nenda kazini. Utachelewa."

Nilichukua chombo cha kukamia, nikamwachia ndama anyonye kidogo ili maziwa yashuke, nikachuchumaa. Chuoni nilikuwa nimekama mara nyingi, na hakuna ng'ombe wa chuo aliyekauka. Ila nilikuwa sijawahi kukama nyumbani, majirani wakichungulia juu ya ua.

Mama mkwe alisimama mlangoni pa jiko, mikono kiunoni.

"Atakauka."

"Basi atakauka akiwa ameshiba, Mama."

"Mwanamke msomi ni mkosi wa zizi."

"Sogea kidogo, unanizibia mwanga."

Hakusogea. Nilikama gizani mwa kivuli chake hadi chuchu zote nne zikalegea. Asubuhi iliyofuata alisimama palepale akasema leo ndipo atakauka, na iliyofuata vilevile. Maziwa yalizidi polepole, kadiri ng'ombe alivyozoea mabua. Mama mkwe alikunywa chai ya rangi hadi siku aliyoondoka, wala sikumbembeleza.

Baada ya kumsindikiza kituoni, mume wangu alirudi akakunja mikono ya shati, akanyoosha mkono kukipokea chombo.

"Amekwisha kwenda," alisema. "Niachie mimi sasa, watu wasiendelee kusema."

"Waache waseme."

Ng'ombe hakuuzwa. Nilimkama mwenyewe tangu siku hiyo, lango la uani likiwa wazi, ili asiwepo wa kujisumbua kuchungulia.