Bi Zubeda Hakuteleza Ngazini

Kuna mchana mmoja wa ujana wangu ambao siusahau, mwanangu, na kwa kuwa waniambia umepata kazi kitengo cha kumbukumbu pale hospitalini, ni haki yako nikuhadithie. Kaa vizuri. Na hiyo simu iweke kando, haitakimbia.

Mimi nami nilianzia kazi hiyo hiyo, hapa hapa kisiwani, kompyuta hazijaingia. Tulikuwa tukisoma faili la mgonjwa, kisha kila jeraha tunalitia namba yake. Mkono uliovunjika una namba, mbavu zina namba. Na kilicholeta jeraha nacho kina namba yake mbali: kuanguka, kuungua, kugongwa na gari. Wenzangu waliiona kazi kavu. Mimi niliipenda, maana napenda kila kitu kiwe mahali pake, kama unavyolijua kabati langu.

Mkubwa wetu alikuwa Bwana Kilonzo, Mkamba aliyeteremka na familia yake kutoka bara, Mkristo, mpole mpaka wakati mwingine unatamani umtikise. Alikuwa na mtindo wake: faili la ajali halitiwi namba mpaka mmoja wetu aende kwa mgonjwa, amuulize mwenyewe yaliyompata. Tulinung'unika sana, kwani vidato vya ngazi za hospitali ile vilitutoa roho.

Mchana huo akaletwa Bi Zubeda. Alikuwa jirani yetu kule Kibokoni, ukuta kwa ukuta, na mahamri yake ndiyo yaliyonikuza. Alifuatana na mumewe, na wifi yake, na Shee, mtoto wa dada yake, kijana wa rika langu. Shee alikuwa ameinamisha kichwa, hata salamu yangu hakuiitikia. Wifi mtu alipoona ni mimi niliye na zamu ya dirishani kuandikisha wagonjwa, akanivuta pembeni akaninong'oneza. Shee ndiye aliyemgonga na pikipiki, kwenye kona ya kichochoro, Bi Zubeda akitoka dukani. Lakini wameshakubaliana huko huko mtaani kwamba watasema ameteleza ngazini, kijana wa watu asije akalala rumande, na maneno yasitoke nje.

"Wewe ni mtoto wetu," akaniambia. "Tusitiri."

Watujua sisi watu wa Mji wa Kale, jambo la nyumbani tunalifungia nyumbani. Na wala hawakuwa watu wabaya, wallahi. Wote walimpenda Bi Zubeda na wote walimpenda Shee, wakadhani wamewaokoa wote wawili. Basi daktari akaambiwa ngazi, akamtazama kama mtu aliyeanguka ngazini. Akakuta kifundo cha mkono kimevunjika, akamfunga plasta. Alipomuuliza kama pana pengine panapouma, Bi Zubeda akajibu kama tulivyolelewa kujibu, alhamdulillahi, sijambo. Akaandikiwa dawa za maumivu, aende zake nyumbani.

Faili likaja mezani kwangu. Nikashika kalamu, nikaiweka tena chini. Nikiandika ngazi, nitakuwa nimeandika uwongo. Nikikataa, nimemtia Shee mikononi mwa polisi, na mama yangu atapitaje tena kichochoro kile? Kupitia mlangoni nilimwona Bi Zubeda kwenye benchi akingojea teksi. Alikuwa amejikunja, midomo imempauka, jasho lamtoka na pale palikuwa na feni. Hapo nikaogopa kwelikweli, mwanangu. Nikaenda kwa Bwana Kilonzo nikamwambia yote huku nalia.

Hakunigombeza. Alinipa leso yake, akangoja nifute uso, ndipo akasema kwa sauti yake ile ya chini.

"Maimuna, faili hili halimtafuti mwenye kosa. Linataka kujua mwili wa huyu mama umepigwa na nini, ili daktari ajue pa kutazama. Hamna mahali pa kuandika jina la Shee. Nenda ukamuulize, na umwambie hivyo."

Yeye akatoka kumzuia daktari asiondoke, mimi nikaenda kwenye benchi. Nikachutama mbele ya Bi Zubeda nikamuuliza polepole. Macho yakamjaa machozi.

"Wataka nimfunge mwana wa dadangu?"

Nikamweleza kwamba kinachoandikwa ni pikipiki, na kwamba yeye alikuwa akienda kwa miguu, basi. Polisi wakija kuuliza, hayo ni ya Shee kujibu mwenyewe. Akamtazama mumewe. Bi Zubeda akaushika mkono wangu, akauweka chini ya mbavu zake za kushoto.

"Usukani ulinipiga hapa," akasema. "Paniuma sana, mwanangu. Nimeona haya kusema."

Daktari alipomminya hapo mahali hakungoja maelezo zaidi. Bandama ilikuwa imepasuka, damu yavujia tumboni. Wakamkimbiza chumba cha upasuaji na plasta yake mkononi. Angalifika nyumbani akajilaza, tusingalikuwa naye tena. Shee alikaa sakafuni nje ya mlango ule akilia kama mtoto mchanga, na walipotuambia Bi Zubeda amepona, akainuka, akafuatana na mumewe Bi Zubeda mpaka kituo cha polisi akaeleza mwenyewe. Alizuiwa kuendesha kwa muda, na hilo lilimfaa.

Ila mimi, mwanangu, nilinuniwa! Wifi mtu akawa ananipita kama hanioni. Wengine wakamwambia mama yangu kwamba binti yake amesomeshwa ili kufichua watu. Mama naye hakunitetea, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mpaka siku Bi Zubeda aliporuhusiwa kurudi. Aliteremka kwenye teksi, akaupita mlango wa nyumbani kwake, akaja kwetu. Kichochoro kizima kilikuwa nje kikimtazama. Akanikumbatia kwa mkono wake mzima, akasema kila mtu asikie:

"Huyu ndiye aliyenisitiri."

Basi nawe kila siku utaletewa faili za bodaboda na tuktuk, na kompyuta itakupa njia ya mkato, ubonyeze kwamba sababu haijulikani, ushike faili jingine. Usiizoee. Daktari akiandika ajali tu, na mgonjwa yupo, muulize daktari, kisha ondoka kitini umuulize mgonjwa. Umuulize kwa adabu, umpe nafasi haya zimtoke, maana watu wetu huumia huku wakisema hawajambo. Usiongeze neno ambalo hukuambiwa, wala usimhukumu mtu humo, kwani wapo walioajiriwa kuhukumu. Lakini lililoupata mwili wa mtu liandike kama lilivyo, hata kama anayekusihi ulifiche ni mtu unayempenda.

Nenda, mwanangu, nimekuridhia. Mola akupe subira ya kuuliza na ulimi laini wa kuulizia, na kila jina litakalopita mkononi mwako, alirudishe nyumbani kwake likiwa hai.