Sakafu Iliyomjibu Mama

Zamani za Mdachi, reli ilipokwisha kupita Dodoma na kuendelea magharibi, nilikuwa mwalimu wa dini, kijana mwenye mke na mtoto mmoja. Usharika wetu mdogo ulikuwa ukisali nje, ukipigwa na upepo na vumbi, mpaka msimamizi mmoja wa reli alipohama akatuachia nyumba yake, upande ambao siku hizi watu huuita Makole. Haikuwa nyumba kubwa. Lakini ilikuwa na kitu ambacho wengi wetu hatukuwahi kukikanyaga: sakafu ya mbao.

Mbao zenyewe zilikuwa zimezeeka kabla hazijatufikia. Nyumba ile ilibomolewa na kujengwa tena mara kadhaa, ikiifuata reli kutoka pwani, na kila mara mbao zilipigiliwa upya. Zilijaa matundu ya misumari ya zamani. Asubuhi jua lilipoingia dirishani, lilizama katika matundu yale na nyufa zile kama maji katika mchanga. Nilipenda kuingia peke yangu kusali, kisha kukaa kimya. Upepo ulipita chini yangu, kati ya mbao na ardhi, na katika nchi yetu kavu sauti ile ilikuwa kama mto wa mbali. Niliota nikiwa macho. Hata sasa nikifumba macho naisikia, na namshukuru Mungu aliyenipa masikio.

Mama yangu hakuota. Alikuwa amefundishwa katekisimu misimu miwili ya mvua, na alikuwa abatizwe Jumapili ya Pasaka mchungaji atakapofika. Macho yake yalikuwa yamefifia, akitembea kwa kuziamini nyayo zake. Siku ya kwanza nilipomleta alitia mguu mmoja ndani, ubao ukalia, akaurudisha mguu wake nje.

"Mwanangu, chini kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama."

"Basi ndiyo maana siingii. Nyumba gani inakujibu kabla hujapiga hodi?"

Nikamwambia kwamba mchungaji angeweza kumbatiza uani. Akageuza uso.

"Nyinyi mkae ndani na Mungu, mimi nikae nje na mbuzi? Hapana, baba. Kama siingii, sibatizwi."

Kifua chake kilikuwa kibovu mwaka ule. Usiku alikohoa mpaka mke wangu akaamka kumpa maji ya moto. Sikujua kama angeiona Pasaka nyingine, na sikuthubutu kulisema hilo hata katika sala.

Nikaona dawa ni kuzinyamazisha mbao. Hapo ndipo nilipokosea, na kosa lilikuwa langu, ingawa lilifanywa na mikono mingi. Niliwaita akina mama wa usharika, wakafanya kama wanavyofanya katika tembe zao, nyumba zetu za udongo: wakaleta udongo laini wa kichuguu, wakaukanda na mavi mabichi ya ng'ombe, wakaisiriba sakafu yote wakiimba. Ilipendeza! Ilikuwa baridi chini ya mguu, ikinukia nyumbani, na haikulia hata kidogo. Kwa siku nne nilitembea juu yake kama mtu atembeaye juu ya wingu. Nikamwahidi mama kwamba sasa angeingia.

Siku ya tano udongo ulipasuka na kumwagikia katika nyufa. Siku ya nane niliona mishipa ya udongo mbichi ikipanda kutoka chini ya mbao hadi ukutani.

Nikamwendea fundi seremala mmoja wa mjini, Mwislamu, ambaye babu yake alikuja na misafara kutoka Unyanyembe. Yeye Mnyamwezi na sisi Wagogo ni watani, kwa hiyo sikutazamia huruma. Alifika, akapiga magoti, akavunja kipande cha udongo, akawatazama mchwa wakikimbia.

"Mwalimu, udongo huu mmeutoa wapi?"

"Kwenye kichuguu."

Akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Wagogo nyinyi! Mmewahamisha mchwa na nyumba yao, mkawaandalia mbao za kula. Mmesahau maji ya kunawa tu!"

"Utatusaidia, au umekuja kucheka?"

"Nitafanya yote mawili, mtani. Kucheka ni bure."

Usharika haukuwa na fedha. Tulikuwa na asali na mikono, akavikubali. Kwaresima ile yote tulishinda sakafuni. Tulikwangua udongo, tukasugua mbao kwa mchanga na maji ya majivu, tukaziacha zikauke madirisha yakiwa wazi. Fundi alipita akigonga kila ubao kwa kifundo cha kidole, sikio likiwa karibu, kama mganga anayesikiliza kifua. Uliooza ulitoa sauti nzito. Tuling'oa mbao saba, na mahali pake tukaweka mbao za masanduku ya mizigo tuliyopewa stesheni. Misumari iliyopinda tuliinyosha juu ya jiwe. Iliyochomoza tuliizamisha, maana, fundi alisema, msumari mmoja ukiachwa utatoboa jamvi litakalotandikwa juu yake kabla ya mwezi kwisha. Magogo ya chini yaliyobeba mbao tuliyapaka mafuta machafu ya garimoshi. Nyufa tulizijaza vumbi la msumeno lililokandwa na gundi ya mgunga, tukasugua tena mpaka kiganja kikapita bila kukwama.

Siku zile zimebaki kwangu kama ndoto moja ndefu. Vumbi la mbao lilielea katika mwanga, harufu yake ikiwa tamu na ngeni, harufu ya msitu wa nchi ambayo hakuna kati yetu aliyeiona. Nje uwele ulikuwa unakomaa. Fundi alipokwenda kuswali adhuhuri, mimi nilibaki nikisali kimoyomoyo, kisha tukaendelea, yeye upande wake na mimi wangu. Sikumbuki kwamba tuliwahi kuchoka, ingawa lazima tulichoka.

Jumamosi kabla ya Pasaka kulibaki ubao mmoja wa kupigilia, karibu na mlango. Magunia ya kutandika chini yalikuwa yameshonwa, na majamvi ya kuweka juu yake yalikuwa yamekunjwa uani. Nikamleta mama. Aliweka mguu, ubao wa pembeni ukalia. Ulilia kidogo tu, lakini ulilia. Akaurudisha mguu.

"Mama, tukitandika hautasikika."

"Nikizibwa masikio, shimo litakuwa limejaa?"

Nilifundishwa kujibu maswali mengi, lakini si hilo.

Fundi akaweka nyundo chini. "Shikamoo, mama."

"Mbukwa," akaitikia mama kwa salamu ya Kigogo.

"Huyu mwanao anajua kusoma, hajui kuonyesha. Nipe mkono wako."

Mama alisita, kisha akampa. Fundi akamsaidia kuinama kizingitini, akauongoza mkono wake katika pengo la ubao uliobaki. Mkono ukazama mpaka karibu na kiwiko, ukasimama. Nikaona mabega ya mama yakitulia. Akapapasa, akatoa ngumi iliyojaa udongo, akaunusa, akausugua kati ya vidole.

"Kumbe ardhi ipo," akasema.

"Ipo, mama. Imeketi chini kidogo tu."

"Na wewe uliniambia hakuna kitu!" Akanigeukia kwa ukali ambao sijausahau. "Miezi yote hii. Hakuna kitu!"

Nikaomba radhi. Alivuka kizingiti akitambaa, mikono ikitangulia, mbao zikilia chini yake naye akizigonga kwa kiganja kana kwamba anamtuliza ndama. Alipofika katikati ya chumba alinyoosha miguu, akaketi, akafunga macho.

Fundi akapigilia ubao wa mwisho. Jua lilikuwa linashuka na kazi ya kutandika ilikuwa bado.

"Mama, inuka kidogo tutandike," nikasema.

"Siinuki. Kama ni kutandika, tandikeni."

Basi tukaanzia ukutani, fundi upande mmoja na mimi upande wa pili, tukakunjua magunia na majamvi taratibu, tukimwelekea.