Samaki wa Mkataba

Juzi redioni, wabunge wa taifa moja kubwa walibishana kama wauchane mkataba wa nyuklia waliosaini na hasimu wao. Nikakumbuka harufu ya samaki wa moshi.

Alasiri ile ya utotoni, maporomoko ya mto wetu yakinguruma, redio ya papa, baba yangu, ilitangaza mkataba kama huo. Kwetu wavuvi, familia zilizogombea mahali pa kutegea mitego zilipatana kwa kula samaki mmoja, sahani moja. Basi nikamfunga samaki wetu mkubwa wa moshi kwenye jani.

“Papa, batafika saa ngapi?”

“Ba nani?”

“Bale ba radio. Bakule.”

Papa hakucheka. “Bale habakulaka pamoja, mwana. Kula weye.”

Sikumla. Niliwatunzia mpaka samaki akaingiwa na funza. Sasa nina mvi, na bado hawajafika.